Ombi la Kufanyiwa Matanga Nikiwa Hai

Ruwa Mwarandu,
Nyuma ya kanisa la mabati,
Shika Adabu, Likoni.

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa zako wote hapo gazetini. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha kuweza kuandika barua. Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nifikishe ombi langu serikalini. Ningelipeleka mwenyewe kwa mkono, lakini nimefika afisini kwa Mheshimiwa wetu mara nyingi hata bawabu wa pale sasa ananitambua kwa kikohozi, na kila nikifika hunieleza kwa upole kwamba Mheshimiwa hayupo, ameenda mazishini. Simtaji kwa jina wala kwa cheo. Waheshimiwa tunao wengi, na sitaki mmoja ajione amependelewa.

Ombi lenyewe ni hili: nipewe kibali cha kufanyiwa matanga yangu kamili, Jumamosi ijayo, nikiwa hai. Natambua kwamba si kawaida. Ndiyo maana nimezipanga sababu zangu kwa nambari, ili mkubwa atakayezisoma asipate taabu.

1. Barabara. Njia ya kuteremkia kwetu ilikatwa na mvua ikawa korongo, na tuktuk hazifiki. Mama yangu mzazi, Kache, ana ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni, kwenye kidole gumba. Anatakiwa hospitalini kila wiki kikasafishwe na kufungwa upya, na daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba akizidi kukosa, mguu utakatwa. Basi kila wiki mimi na jirani yangu Musyoka, dereva wa trela, tumekuwa tukimkalisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele na mmoja nyuma, tukimpandisha korongo kama bibi harusi. Mwezi uliopita kiti kilivunjika mguu tukiwa katikati. Mama hakulia. Alisema tu kwamba sasa wagonjwa wa mguu wamekuwa wawili. Tangu siku ile hajakubali kubebwa tena, anasema hataki kutuua kwa ajili ya kidole gumba, na kidonda kimeanza kutoa harufu. Hapa sipambi maneno, Ndugu Mhariri. Naogopa.

Sasa, jirani yetu mzee Kaviha, Mungu amrehemu, aliandika barua kuhusu korongo hilohilo miaka nenda miaka rudi asijibiwe. Alipofariki alijibiwa mara moja. Ilipojulikana kwamba Mheshimiwa atahudhuria hanga, kama tunavyoyaita matanga sisi watu wa huku Pwani, greda ilikuja asubuhi na mapema, ikafukia korongo upande wa juu, ikasawazisha njia mpaka uani kwa marehemu. Hapo ikageuza. Kutoka ua ule hadi mlango wangu si mbali, jogoo wangu huenda na kurudi bila kuchoka. Nilimkimbilia dereva, nikamsalimu kwa adabu, nikamwomba asogee mbele kidogo tu. Akaniuliza, "Huko mbele kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna mgonjwa. Alisikitika kwa dhati, nikamwona, kisha akanionyesha karatasi yake ya kazi iliyosema mpaka kwa wafiwa. Sikumlaumu, mtu na kazi yake. Udongo uliobaki aliusukuma kando, na kando ndiko kwangu.

2. Umeme. Transfoma ya mtaa wetu iliungua tangu kabla ya Krismasi. Tulipiga simu, tukapewa nambari ya malalamiko, tukaitunza vizuri. Ikabadilishwa siku moja kabla ya kumzika mzee Kaviha kwa sababu vipaza sauti havitumii mkaa. Kwa siku zile mbili mke wangu Margret alipiga pasi kila kitu kilichomo nyumbani, hata mapazia, maana alijua. Mazishi yalipokwisha, umeme nao ulifuatana na wageni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu sisi utaratibu umebadilika kidogo, mgeni haji mpaka mwenyeji ashindwe kupona.

3. Heshima. Mzee Kaviha alikuwa fundi wa viatu. Maisha yake yote alikaa chini ya mwavuli mmoja karibu na kituo cha mafuta, na askari wa kanjo, hao wa baraza la mji, walimfukuza hapo kila walipokuwa na njaa. Kumbe alikuwa nguzo ya jamii! Tulielezwa hayo na Mheshimiwa mwenyewe, aliyemwita rafiki yake wa karibu na mshauri wake, ingawa alimwita Kazungu hadi alipokumbushwa na mchungaji, kisha akaendelea kumwita Kazungu. Watoto wa marehemu waliahidiwa basari ya karo mbele ya jeneza. Mimi ni kibarua katika ghala moja kule Changamwe, na msimamizi wangu ananiita "wewe wa kofia" hata siku ambazo sikuvaa kofia. Kama kuna sifa zangu mahali zimehifadhiwa, ningependa kuzisikia nikiwa bado na masikio. Hata wakikosea jina nitavumilia.

4. Uchumi. Tumeambiwa na wakubwa wetu tukaze mikanda. Mimi ni raia mtiifu. Niliukaza wangu, matundu yakaisha, nikaongeza mengine kwa msumari, na sasa ncha ya mkanda inanizunguka hadi mgongoni. Unga umepanda, mafuta ya kupikia tunayanunua kwa kipimo cha kijiko, na mwisho wa wiki karatasi yangu ya malipo ina makato mengi, kila moja na jina lake zuri, ya nyumba ambayo sijaiona na ya matibabu ambayo hayashuki korongoni. Wataalamu wanasema kwenye redio kwamba uchumi umekua. Sina elimu ya kuwabishia. Labda umekua, umehama kwa wazazi.

Lakini katika hanga la mzee Kaviha mtaa mzima ulikula wali na nyama mpaka watu wakafungua vifungo vya suruali. Watoto walikunywa soda. Bi. Mastura, anayeuza mbaazi na mahamri pale kona, alilalamika kwamba hakuuza kitu siku zile zote kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye njaa, na tangu aanze biashara hajawahi kuona balaa kama hilo. Hii ndiyo maana ya kufa kufaana. Aidha, marehemu hakatwi chochote, wala hapangi foleni ya feri akiwa na hofu ya kuchelewa kazini. Naomba nisieleweke vibaya, sipingi kulipa kodi. Ninachotaka ni kodi yangu inifahamu kabla ya siku ya kuzikwa kwangu.

5. Umoja wa kitaifa. Wanasiasa wa pande mbili wakiwa kwenye redio hutukanana mpaka Mama huniomba nizime kwa heshima ya kuku. Lakini kwa mzee Kaviha walikaa hema moja, wakapokezana maji ya chupa, wakashikana mikono juu ya jeneza na kuimba. Kwa hivyo natoa pendekezo kwa taifa zima. Kwa kuwa serikali haijawahi kupotea njia ikienda mazishini, hata kama hakuna njia, kila mtaa upewe msiba mmoja rasmi kila mwaka, kwa kupiga kura, na anayeshinda apumzike kwenye jeneza siku moja tu. Wenye barabara mbaya watapata barabara. Wasio na zahanati watapata ahadi ya zahanati, na tukiwazika wawili watatu kwa mpigo huenda tukapata na mlango wake. Bajeti ya nchi nayo isisomwe tena bungeni, isomwe makaburini, ambako watu wamezoea kusikia mambo mazito bila kupiga makofi ovyo.

6. Mapingamizi. Nimeyafikiria. Mchungaji aliniambia ni dhambi kuwadanganya waombolezaji. Nilimjibu kwamba wa kudanganya watakuja na magari yao, mimi nitakuwa nimelala kimya. Na kulala huko naahidi kukufanya kwa uaminifu. Sitauliza swali. Sitacheka wala kupiga chafya. Hotuba zikizidi muda wa ratiba, kama kawaida, nitavumilia kuliko wale watakaokuwa kwenye viti, kwa sababu mimi nitakuwa na mto. Jeneza tutaazima kwa fundi seremala, rafiki ya Musyoka, na litarudishwa bila mkwaruzo.

Kuhusu kura yangu, Mheshimiwa asiwe na wasiwasi. Nasikia wako marehemu ambao hupiga kura vizuri sana, mapema, bila kulalamikia foleni.

Pingamizi la pekee lililonitatiza ni la Margret. Nilipomsomea ombi hili alikuwa akichambua mchicha, na hakucheka hata kidogo. Aliniambia, "Ruwa, wewe utakufa kwa uongo, lakini mimi nikikuona ndani ya sanduku nitalia kweli. Sasa fikiri." Nimefikiri. Nimemwambia atazame upande ule mwingine, upande wa barabara. Akauliza kama greda huja kabla au baada.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Naweka kalamu chini kwa sababu karatasi imekwisha nami nawahi feri. Nisalimie wachapaji wako, na kwa namna ya pekee wale wa ukurasa wa matangazo ya vifo, ambao nadhani ndio pekee wanaosomwa na viongozi wetu kila asubuhi. Nisalimie pia yule bawabu, ukipita, umwambie kikohozi kimepungua.

Wako mtiifu, na bado hai,

Ruwa Mwarandu

Tanbihi: Ndugu Mhariri, barua hii nilimkabidhi Musyoka ailete gazetini akipita mjini. Musyoka hana subira. Aliisoma ndani ya trela, akaona kibali kitachelewa, akanirudishia, akaanzisha kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi yangu, akaweka na picha yangu niliyopigwa kwenye harusi ya dada yangu, nikiwa na tai ya kuazima. Jua halijatua, kijana Brandon, msaidizi wa Mheshimiwa, akampigia Margret simu ya pole na kumwuliza magari yatageuzia wapi. Margret hajui kusema uongo. Alimjibu ukweli mtupu, kwamba yangeweza kugeuzia mlangoni kwetu kama kungekuwa na njia.

Greda imekuja leo asubuhi na dereva wake ni yuleyule. Alinikuta uani nikichota maji, akashuka, akavua kofia, akanipa pole kwa msiba. Nikaipokea. Hakuuliza nani. Alifukia korongo lote, na ule udongo wake wa zamani akaupatia kazi. Chai ya saa nne ilikuwa haijapoa wakati tuktuk ilipofika mlangoni kwetu, na Mama akatoka na fimbo yake, akapanda mwenyewe, hakubebwa na mtu. Alimwambia dereva wa tuktuk aende polepole apate kuitazama barabara. Nimelia, Ndugu Mhariri, na majirani wote wameniona. Wageni waliokuja mapema wanasema nimeupokea vibaya msiba wangu. Daktari amemlaza. Amesema tumewahi, kidole kimoja huenda kikaondoka lakini mguu utabaki.

Kwa hivyo nafuta nambari zote, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Sina malalamiko. Serikali yetu inafanya kazi, tena haraka, na wanaosema haiwasikii ni watu ambao hawajafa bado. Tafadhali barua hii usiichapishe. Nimekutumia yote ili tu uone jina langu linavyoandikwa, lisije likakosewa kama la mzee Kaviha. Chapa jina na picha ile ya tai katika ukurasa wa vifo, useme mazishi ni Jumamosi, wote mnakaribishwa. Nitalala kama nilivyoahidi. Na hata baada ya hapo, nakusihi, usimwambie mtu kwamba niko hai. Greda inayoweza kuleta udongo inaweza pia kuja kuuchukua, na Mama haruhusiwi kutoka hospitalini mpaka Jumatatu. Nitaendelea kuwa marehemu hadi afike mlangoni.