Mabawa ya Kozi na Ndoo za Mbao

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeapa. Mabawa ya Kozi yatakuwa yangu kabla ya Jumapili kwisha, ama nisiitwe tena Gershom, kinyozi wa Timbwani.

Niyaandike mambo wazi, maana kichwa kinachemka. Katika mchezo wetu wa simu, Bonde la Majoka, kitu kizuri hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza: unaua joka, linadondosha sanduku, unafungua. Ndani huenda mna upanga wa dhahabu, huenda mna ndoo ya mbao. Hujui! Moyo unadunda! Ya pili: kila siku unalisha mbuzi, unateka maji, unafagia ngome, unalipwa tokeni. Zikitosha unakwenda kwa mtunza ghala, unachagua unachotaka. Hiyo ni ajira. Ningetaka ajira ningeomba kazi bandarini.

Elkana yuko bandarini. Elkana wa Bombolulu, karani, kipara kinang'aa kama sufuria mpya. Mtu wa tokeni huyo. Sasa Maxwell, nahodha wa kikosi chetu, ametangaza kwenye grupu kwamba anaacha mchezo kwa sababu anaoa. Wa kwanza kupata Mabawa, kitu adimu kuliko vyote mchezoni, ndiye atakayemrithi, na mwisho ni Jumapili. Elkana akaandika kwamba yeye amebakiza kidogo tu. Akaweka na kikatuni kinachocheka.

Tena mama mkwe amefika leo kutoka Kaloleni. Nimempa shikamoo, nimempokea mzigo. Hakusema atakaa mpaka lini. Nimezunguka nyumba mara kadhaa. Siwezi kuketi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeigundua siri. Sanduku hutegemea mahali! Upanga wangu wa pekee niliupata nikiwa kwenye feri. Kwa hiyo leo nimefunga duka, nikavuka kwenda kisiwani, nikarudi, nikavuka tena.

Katikati ya mkondo nikafungua sanduku la kwanza, macho nimeyafumba. Ndoo ya mbao. La pili: ndala. Nikaona kosa ni upande niliosimama. Nikajipenyeza kwenda upande wa pili, nikamkanyaga mama mmoja mwenye beseni la maembe. Akaniuliza kama sina macho. Nikamweleza kwamba ninayo, ila nimeyafumba kusudi. Alichonijibu sitakiandika.

Ndoo tena.

Kurudi, mke wangu Kahaso akaniambia wateja walikuta duka limefungwa, wakavuka barabara kwa yule kinyozi mwingine. Nikasema nilikwenda kutafuta wembe mzuri. Akauliza uko wapi. Nikasema haukupatikana. Akanitazama mpaka nikatoka nje.

Jumatano, 11 Juni

Si mahali. Ni mkono! Wengine wana mikono ya bahati. Cindy, anayeuza viazi karai mlangoni pangu, aliwahi kushinda blenda kwenye bahati nasibu ya duka. Nikamwomba anibonyezee sanduku moja. Akasema ana kazi. Nikamsihi. Akabonyeza kwa kidole kilichotoka kwenye unga wa dengu na mafuta. Ndoo! Na sasa simu yangu inanuka bizari.

Mama mkwe ameniuliza ninachofanya siku nzima na simu. Nikamweleza juu juu, ili aniache. Hakuniacha. Akauliza kama hizo tokeni ndizo za stima, na kama zinaingia kwenye mita. Nikasema hapana, mama, hizi ni za mchezo. Akataka kuwaona hao mbuzi. Jioni alikuwa amekwisha kuwekewa mchezo kwenye simu kuukuu ya Kahaso, humo anaitwa Nyevu wa Kaloleni, na mbuzi amewapa majina: Mashavu, Kibogoyo, Bibi Harusi. Nikamwambia mbuzi hawana majina. Akasema wangu ndio hawana, na ndiyo maana wamekonda.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Mchungaji Ziro alikuja kunyolewa, kwani alikuwa na harusi ya kufungisha saa nne. Nimefika katikati ya kichwa, simu ikalia: Joka Jekundu limetokea! Joka Jekundu halitokei ovyo. Nikamwomba Mchungaji dakika moja. Nikatoka nje kupata mtandao mzuri. Nikapigana kishujaa. Joka likafa, sanduku likadondoka, nikarudi ndani nikipiga kelele za furaha.

Kiti kitupu. Mchungaji aliona muda unampita, akaondoka vilevile, upande umenyolewa na upande una nywele. Kahaso anasema alifungisha harusi yote akiwa amewageuzia waumini upande mmoja, na kwamba bibi harusi alicheka kwenye kiapo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kofia ya nyasi.

Kahaso hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitia hofu. Amesema wateja wasiporudi, atalifunga duka na mimi nitakwenda kulima na kaka zake Kaloleni. Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwa mbuzi wake. Alisema shamba lipo.

Ijumaa, 13 Juni

Usingizi haba, lakini wazo kubwa! Kahaso aliwapa wateja kadi za mihuri: ukinyolewa unagongewa muhuri, ikijaa unanyolewa bure. Yaani tokeni! Ndani ya duka langu mwenyewe! Ndiyo maana wanakimbia. Asubuhi nikazitupa kadi zote, nikachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikatia vikaratasi vyenye zawadi. Nikaandika mlangoni: NYOA UCHOTE BAHATI.

Walikuja! Mpaka adhuhuri duka lilijaa. Mzee mmoja akachota viazi vya Cindy (Cindy hakuwa na habari, tumekosana kidogo). Mwingine akachota kukandwa shingo. Nilikuwa mfalme.

Kisha akaingia Elkana, ametoka kazini, amevuka feri kuja kunichungulia. Akasema, "Kinyozi, na sisi tusio na nywele?" Watu wakacheka. Kwa kiburi nikamwambia achote hata bila kunyolewa.

Akachota ile kubwa. Kunyolewa bure mwaka mzima, wewe na jamaa zako. Hiyo "na jamaa zako" niliiandika kwa msisimko. Sikudhani kuna atakayeipata!

Ana jamaa wengi, Elkana. Alipiga simu moja. Binamu, wajomba, mashemeji, wengine wenye nywele ambazo hazijaguswa tangu mvua za mwaka jana. Nilinyoa mpaka mashine ikaanza kunuka. Kisha ikatoa moshi. Kisha ikanyamaza.

Jumamosi, 14 Juni

Sina mashine. Sina wateja. Elkana ameandika kwenye grupu kwamba kesho jioni tokeni zake zitatosha, na kwamba akiwa nahodha atanipa kazi nzuri ya kuteka maji.

Nimetembea kutoka nyumbani hadi barabarani na kurudi, sijui ninatafuta nini. Mama mkwe amekaa kivulini na simu, anacheka peke yake. Nilichungulia. Tokeni zake ni rundo! Kumbe kulisha, kuteka na kufagia ndiyo kazi yake tangu Jumatano, na haonekani kuchoka. Hazitoshi Mabawa, lakini mtunza ghala huuza na masanduku kwa tokeni. Masanduku mengi.

Sijasema lolote. Nimeandika tu nilichokiona.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe aliniachia simu yake niitie chaji, akaenda kanisani na Kahaso. Mimi nikasema tumbo linauma.

Nilizibadilisha tokeni zake zote kwa masanduku. Niliwaza hivi: nikipata Mabawa, namhamishia mtu yeyote, mimi kwa mfano, kisha mama namlipa polepole. Nikaanza. Ndoo. Ndala. Ndoo. Kofia ya nyasi. Ndoo, ndoo. Jasho linanitoka, miguu haitulii. Likabaki moja. Nikalibonyeza kwa kiwiko.

Tarumbeta! Mwanga! Mabawa ya Kozi!

Niliruka, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, nikaruka tena. Kisha nikasoma maandishi. Mabawa ya Kozi hayahamishiki. Hongera, Nyevu wa Kaloleni! Na mchezo ukamtangazia kila mtu. Kwenye grupu Elkana akauliza huyo Nyevu ni nani. Maxwell akajibu kwamba, awe nani, ndiye nahodha.

Nilipoinua macho, walikuwa wamesimama mlangoni. Mama mkwe akachukua simu yake, akafungua mfuko wa tokeni.

"Gershom mwanangu, tokeni zangu ziko wapi?"

"Mama, nimekupatia mabawa."

"Nilikuomba mabawa?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nawawekea mbuzi akiba ya zizi. Zizi la mawe. Wamelala nje tangu nianze."

Nikamwambia ni mbuzi wa simu tu, hawanyeshewi. Hakukasirika. Alisema Mashavu, Kibogoyo na Bibi Harusi walikuwa mbuzi wake kweli kule nyumbani, ukame ukawamaliza mmoja mmoja mbele ya macho yake, na zizi walilokuwa nalo lilikuwa la miiba. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Kahaso akaniambia nisimsemeshe. Nimekaa nje jioni nzima. Mara hii nimekaa kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Mama mkwe amekubali unahodha. Amri yake ya kwanza: kikosi kizima kiache majoka kilishe mbuzi, kwani wamepuuzwa vya kutosha. Elkana akatii papo hapo. Anamwita "mathe", kama mama yake mzazi. Amefanywa msaidizi!

Mimi nimepangiwa kufagia ngome na kila tokeni nitakayopata ni ya zizi. Kahaso ameazima mashine kwa dada yake, amezirudisha kadi za mihuri, na leo amesimama dukani mwenyewe. Mchungaji Ziro amekuja kumaliziwa ule upande. Alipendelea anyolewe na Kahaso.

Ijumaa, 20 Juni

Zizi limekamilika! La mawe, lina hata mlango. Mama mkwe aliniita nije nimtazame Bibi Harusi akiingia. Akaniita mwanangu, akanipakulia mwenyewe wali wa nazi, akaniongezea na mchuzi. Nikaona machozi yananilengalenga. Kahaso amesema labda kesho nitaruhusiwa kushika mashine.

Nimetafakari sana. Nimekosea, na naandika hapa ili nisisahau: masanduku nimeachana nayo kabisa. Sanduku ni upofu. Mtu mzima hafungui kitu asichojua kilichomo ndani.

Leo asubuhi mchezo umeongezewa Gurudumu la Bahati. Hili ni jambo jingine kabisa. Gurudumu unaliona! Zawadi zote zimechorwa mbele yako, linazunguka taratibu, ni suala la jicho na hesabu tu. Nimelitazama kutwa, na nina hakika linapenda kusimama upande wa kulia. Linataka tokeni kidogo za kulizungushia. Mimi sina.

Mama mkwe amelala. Amenipa simu niitie chaji.

Nitazungusha mara moja tu, nimwongezee zizi la pili.