Fundi Kaniuliza Kama Nimetia Chumvi

Jumatatu, 6 Mei

Glasi zimetoka na ukungu tena. Zote kumi na mbili! Nimenyanyua moja nikachungulia dirishani, dirisha halikuonekana. Nikaisugua kwa fulana. Ukungu umebaki palepale, fulana ndiyo imechafuka.

Mke wangu kanikumbusha, kana kwamba nimesahau, kwamba hii mashine ya kuosha vyombo ni zawadi ya mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kula mchana na kuikagua. Akiikuta haina faida kwetu, atampa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tangu siku ya kwanza anaikodolea macho. Mimi nitarudi kwenye karai. Vyombo ni zamu yangu, kila siku, mpaka nizeeke. Eti tulikubaliana hivyo kabla ya ndoa. Sikumbuki kabisa nilikuwa nafikiria nini.

Hatua ya kwanza: sabuni mara tatu. Nimemimina mwenyewe.

Jumanne, 7 Mei

Povu! Jiko zima. Mke wangu kateleza kuanzia mlangoni mpaka kwenye friji, akalidaka, akasimama, akanitupia tambara la kudekia. Glasi zina ukungu uleule, ila sasa zinanukia ndimu.

Nimempigia fundi. Namba yake imebandikwa ubavuni mwa mashine. Nikamweleza kwa adabu zote: vyombo vinatoka na utando mweupe. Akaniuliza: umetia chumvi?

Hebu fikiria! Mtu hanijui, hajawahi kuniona, na swali lake la kwanza ni hilo! Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mzima, ninasema mambo yalivyo, na sijatia chumvi hata chembe. Akasema basi tatizo ndilo hilo. Nitie. Nikauliza kwa sauti ndogo, kiasi gani? Akasema nyingi, hata kilo nzima, nisiogope. Akakata simu, ana mteja.

Nimekaa jikoni nikiwaza. Fundi mzima ananifundisha uongo! Lakini labda kazi yao ndivyo ilivyo. Wateja tele, nani atamkimbilia mtu wa utando? Haya. Kama anataka chumvi, ataipata.

Jumatano, 8 Mei

Nimetia chumvi.

Nimemwambia fundi kwamba mashine inanguruma kama lori linalopanda mlima. Kwamba moshi wa kijani unatoka chini ya mlango. Kwamba sahani moja imetoka nusu, na nusu ya pili haijulikani ilipo. Nikaona bado haijafika kilo, nikaongeza kwamba mke wangu kahamia kwa jirani.

Hapo fundi, kwa sauti nyingine kabisa, kaniamuru nizime umeme wa nyumba nzima, nifungue madirisha yote na nisiguse kitu. Kesho asubuhi na mapema yuko hapa.

Kumbe inafanya kazi! Huyu fundi anajua anachokisema. Nimezima umeme kama nilivyoagizwa, ingawa sikuelewa ni kwa nini. Mke wangu karudi kazini kakuta friji limezimwa na maziwa yameharibika. Akasema anaomba kueleweshwa. Nikamwambia hata mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi kaja na mtungi wa kuzimia moto, barakoa, na glavu za raba mpaka viwikoni. Kaingia jikoni kwa kunyata. Kaufungua mlango wa mashine kwa ncha ya bisibisi, huku kageuza uso pembeni. Katoa glasi. Kaiangalia. Kaniangalia mimi.

Akauliza moshi uko wapi. Nikasema moshi hakuna, ila ukungu upo. Akauliza habari za mke wangu. Nikasema hajambo, yuko kazini. Akauliza, sasa taratibu sana, yale ya jana yalikuwa nini. Nami nikachemka. Si wewe uliyesema nitie chumvi? Nimetia! Kwenye simu! Karibu kilo!

Fundi akakaa sakafuni. Mabega yanamtikisika. Mpaka sasa sijui alikuwa anacheka au analia. Kisha akachomoa kile kichanja cha chini cha mashine, akafungua kifuniko kimoja cheusi ambacho sijawahi kukiona maishani, akamimina humo pakiti nzima ya chumvi ya mawemawe. Chumvi! Ya kweli! Akasema maji ya mtaa huu ni magumu, chumvi inayalainisha.

Alipoondoka nikafungua bomba nikatia kidole. Kimepenya bila taabu yoyote. Magumu wapi?

Ijumaa, 10 Mei

Zinang'aa! Mke wangu kajiona kwenye sahani, akatengeneza nywele. Kauliza nimefanyaje. Nikasema kuna skrubu nimeikaza.

Bado kuna jambo linanitatiza. Chumvi imeingia pakiti nzima, mbona sahani hazina ladha? Nimelamba tatu. Hamna kitu. Mke wangu katokea nikiwa kwenye ya tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Mama mkwe kafika. Shemeji kafika pia, hakualikwa, kajitwika mkanda wa kufungia mizigo begani. Eti hataki kuuacha kwenye gari.

Mama kanyanyua glasi, kaigeuza huku na huku, katikisa kichwa kwa kuridhika. Ushindi ulikuwa mkononi! Lakini akaanza kumsifu shemeji. Eti leo kaamka mapema akamfulia Mama mapazia yote ya sebuleni. Kwa mikono! Shemeji akainamisha kichwa, mnyenyekevu huyo, jicho moja kwangu. Damu ilinichemka.

Mama akauliza hizi glasi nzuri nani kaosha. Mke wangu akafungua mdomo aseme mashine. Nikamuwahi. Nikasema ni mimi, Mama. Kwa mikono yangu miwili. Kila siku ya Mungu. Hiyo mashine hata kuiwasha sijui.

Mama machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono, akasema miaka yote hii alikuwa ananifikiria vibaya, nimsamehe. Nikasema yameisha. Kichwa kilinivimba, sikatai. Kisha akasema kwa hiyo mashine inakaa bure, na mwanawe ana mgongo unaomsumbua. Aichukue leo leo.

Nilipozinduka shemeji alikuwa ameshaizungushia mkanda. Mgongo haukumsumbua hata kidogo. Nikamwangalia mke wangu anitetee. Mke wangu kaenda kuwafungulia mlango, upana wote, ili ipite vizuri.

Jumapili, 12 Mei

Karai. Sahani kumi na nane, glasi kumi na mbili, na sufuria moja iliyoungua, ambayo naamini imeunguzwa makusudi. Roho inaniuma. Mashine ilipona kabisa, ikaondoka ikiwa nzima!

Nimejichunguza kwa makini nilikosea wapi. Jibu nimelipata: jana sikueleza vya kutosha. Kesho nampigia Mama. Nitamwambia sabuni imenila ngozi, na daktari anasema lazima kidole kimoja kikatwe. Hapana, kimoja ni kidogo, hata shemeji anaweza kujikata kimoja. Vitatu.

Nimeshavifunga bandeji, nivizoee. Mke wangu kaviona, kafikiri kidogo, kaniuliza kama viwili vilivyobaki vinaweza kushika sufuria.