Fundi Lifti Apanda Mlima

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jambo limeshakuwa. Mke wangu amejiandikisha safari ya miguu ya wiki nzima, kuvuka milima mpaka ziwani. Amerudi na begi jipya mgongoni, anazunguka nalo sebuleni kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikamwuliza kwa upole kama anaukumbuka umri wake. Akasema anaukumbuka, na wangu pia.

Mwaka juzi alivunjika nyonga. Yeye alikuwa chumba cha upasuaji, amelala, hajui kitu. Aliyekaa kwenye korido ya hospitali ni mimi. Daktari alitoka akasema huenda akatembea, huenda asitembee. Sasa anatembea. Anapanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya tano. Na badala ya kushukuru na kukaa kitini, anataka milima.

Kumkataza siwezi. Nilijaribu mara moja, tukiwa wachumba, na jambo lenyewe akalifanya siku hiyo hiyo. Hapa inatakiwa akili. Kiongozi wa msafara ni mwalimu mstaafu wa michezo, mama mmoja mkavu tunayemwita Kocha. Ana sheria: watu wanakwenda wawili wawili. Jumamosi kuna majaribio kwenye mlima wa nyuma ya mji. Mmoja akishindwa, wote wawili wanabaki.

Nimejitolea kuwa mwenzi wake. Amefurahi mpaka akanishika mkono.

Jumamosi nitashindwa, kwa huzuni kubwa.

Jumatano, tarehe 5

Ili niaminike, lazima nionekane nafanya mazoezi. Kocha ameagiza tupande ngazi, asubuhi na jioni, begi mgongoni. Mimi nilikuwa fundi lifti mpaka nilipostaafu. Maisha yangu yote nimewaepusha watu na ngazi. Kuzipanda kwa hiari naona kama usaliti.

Nikabuni. Mke wangu anatangulia. Nasubiri hatua zake zififie, naingia kwenye lifti ghorofa ya kwanza, natoka ya nne, najimwagia maji usoni kutoka kwenye chupa, namalizia zilizobaki nikihema. Jana mambo yalikwenda vizuri. Alinipangusa jasho kwa leso yake. Nilijisikia vibaya kidogo. Si sana.

Leo lifti imekwama. Katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Taa ikazimika. Nilijua kasoro tangu mlio wa kwanza: breki. Nilijua pia kwamba aliye ndani hana la kufanya, hata awe fundi wa namna gani. Nikamsikia mke wangu juu, ananiita. Mwanzo kawaida. Kisha kwa sauti ya mtu anayedhani mumewe ameanguka mahali. Akaanza kushuka mbio, na nyonga ile. Ama ninyamaze aendelee kukimbia, ama niseme nilipo. Nilinyamaza. Kidogo tu. Halafu nikagonga mlango.

Mafundi walikuja wawili. Mmoja nilimfundisha kazi mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu zote, mzee, ulikuwa unakagua? Nikasema ndiyo. Mke wangu alikuwa nyuma yake, anaangalia chupa, anaangalia uso wangu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeondolewa. Mwenzi mpya ni shemeji, mdogo wake wa kiume. Refa mstaafu, kifua mbele, filimbi haimtoki shingoni hata akienda kuona mgonjwa. Jana alikuja kunipa pole. Akanigonga begani, akasema mlima si wa kila mtu, shem. Chai yangu aliinywa wima, huku akiinua magoti.

Huyu hashindwi. Labda asaidiwe.

Nimekwenda kwa Kocha. Nimeomba radhi, nimesema nataka angalau kuwatumikia wenzangu. Ameguswa. Amenipa kazi ya kufunga tepe nyekundu mitini kuonyesha njia ya kesho. Jioni hii nimezifunga zote kwa uaminifu, isipokuwa moja. Chini ya jabali njia inagawanyika. Utepe wa pale nimeufunga kushoto. Kushoto kunazunguka korongo na kurudi barabarani. Kupoteza muda tu, hakuna hatari. Mke wangu na shemeji wanaondoka wa kwanza, na shemeji hutangulia siku zote, hapendi kuona mgongo wa mtu. Wakishapita nitauhamishia kulia, kabla wengine hawajafika. Watachelewa, watahesabiwa wameshindwa, watarudi wamenuna.

Lakini wazima. Hilo ndilo la maana.

Jumamosi, tarehe 8



Nilijificha nyuma ya jabali. Walipita kama nilivyopanga. Shemeji mbele, mke wangu nyuma, anaimba chini chini. Akasimama kidogo kwenye ule utepe, akaushika, akatabasamu, akaenda kushoto. Nikauhamisha. Wengine wakapita kulia. Kila kitu kama saa.

Halafu ukungu ukashuka. Haukuanza mbali ukaja, ulianguka tu kama shuka. Sikuona hata viatu vyangu.

Tulipokusanyika chini, wote walikuwepo isipokuwa wawili. Kocha akatuma watu kulia, njia waliyotakiwa kupita. Mimi ndiye pekee niliyejua kwamba wanatafuta bure. Nikasema ngoja nijaribu kushoto. Kocha akauliza kwa nini kushoto. Nikasema ni hisia tu. Akaniangalia, akanipa kamba.

Nilikimbia. Mimi, kupanda mlima. Mapafu yakawa yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kwenye korongo kingo zilikuwa zimelowa, jana zilikuwa kavu. Mahali pamoja nikaona udongo umemeguka, na alama ya kiatu imeburuzwa mpaka ukingoni. Kiatu kimoja. Cha nani, sikuweza kujua. Nikaita, mama watoto. Kimya. Nikaita tena, sauti ikatoka ya mtu nisiyemjua. Nikawa niko kwenye korido ile tena, nasubiri mtu atoke aniambie.

Ndipo filimbi ikalia, chini kabisa.

Shemeji ndiye aliyeteleza. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kifundo cha mguu kimevimba kama mkate. Mke wangu alikuwa ameshuka kumfuata, ana tope mpaka kiunoni. Alikuwa ameuwekea mguu fimbo mbili na kuufunga kwa mtandio wake. Nyonga ile ilikuwa imemshusha na imemsimamisha. Nikakaa chini. Akaniuliza kama naumwa.

Tulimpandisha kwa kamba, kisha tukamkokota, yeye bega hili, mimi lile. Tulipopumzika mke wangu akaniambia nishike mabegi tu, nawachelewesha.

Jumapili, tarehe 9

Shemeji anaapa kwamba utepe ulikuwa kushoto. Kocha anaapa kwamba uko kulia, ameuona kwa macho yake. Wamebishana hospitalini mpaka daktari akamtoa Kocha chumbani. Mimi nilisema ukungu huchezea watu macho.

Tulipofika nyumbani mke wangu alifunga mlango. Akakaa, akavua viatu taratibu. Akasema fundo la ule utepe analijua. Ndilo ninalofungia nyaya, ndilo ninalofungia pazia la bafu. Hakuna mwingine anayefunga hivyo.

Nikamwuliza, kama alilijua, kwa nini alikwenda.

“Kwa sababu lilikuwa lako,” akasema. “Niliona umefunga wewe, sikuuliza.”

Akasema ningemwambia tu kwamba naogopa. Nikasema siogopi. Akasema haya, akaenda kuoga.

Jumanne, tarehe 11

Kocha ameamua. Aliyemtoa mtu korongoni hahitaji majaribio mengine. Atatembea na mke wangu yeye mwenyewe.

Shemeji amefungwa plasta mpaka gotini. Anaishi peke yake, hivyo amehamia kwetu. Nani atamhudumia? Mke wangu alinionyesha kidole bila hata kuacha kukunja soksi zake.

Jumamosi, tarehe 15

Wameondoka jana. Mlangoni mke wangu alinirekebisha kola, akaniambia nile vizuri. Nilitaka kusema jambo. Nikamkumbusha achukue koti la mvua.

Amepiga simu kutoka kituo cha kwanza. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, na yeye pia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya upasuaji. Nikamwuliza nyonga. Akauliza, nyonga gani?

Nyumba imekuwa kubwa. Shemeji naye hajielewi, anaangalia simu kila mara. Leo mchana tumekubaliana jambo la kwanza tangu niingie kwenye ukoo huu. Anasema barabara ya lami inapita jirani na kituo cha tatu. Kuna benchi. Jirani wa ghorofa ya chini atatuazima gari, mimi nitaendesha. Tutakaa pale kama wapita njia, tunakula machungwa, na wao watatokea. Hatutamfuata. Tutakutana naye tu. Nani atamshuku mtu mwenye plasta?

Kinachotakiwa ni kushangaa. Shemeji anajifunza kushangaa mbele ya kioo tangu alasiri. Bado hajaweza, anatoa macho kama aliyekanyagwa. Mimi nimeweza mara ya kwanza.