Malkia wa Mzinga wa Buluu

Ijumaa, 5 Juni
Nimepata dawa ya Musakun! Jirani huyu hushinda tuzo ya asali hapa At-Bashi kila mwaka, mimi na mizinga yangu tunabaki kumpigia makofi. Siri yake ni malkia wa nyuki aliye kwenye mzinga wa buluu. Alipokwenda msikitini, nikaruka ua ili nimwibe. Sijagusa hata kifuniko, nyuki akanichoma shingoni, mara yangu ya kwanza maishani. Nikatoka mbio. Kauvimbe kadogo tu.

Jumamosi, 6 Juni
Uvimbe umeisha. Nimewatangazia wote dukani kwamba sumu ya nyuki haimwingii Temirkul, yaani mimi. Mke wangu Burulcha akauliza nilichomwa wapi. Nikasema barabarani.

Jumamosi, 27 Juni
Naandika nikiwa kitandani, zahanati. Jana nilirudi kwa Musakun bila wavu wala glavu. Mtu asiyedhurika avae vya nini? Nyuki mmoja tu, kidoleni! Mara mwili wote ukawasha, midomo ikafura, pumzi ikagoma. Nikaanguka. Nilidhani nakufa, tena kwenye shamba la Musakun! Yeye ndiye aliyenikuta, akanipakia garini huku akipiga kelele: "Usinifie hapa, kaka! Watu watasema nimekuroga!"

Nikadungwa sindano ya paja. Daktari Gulbarchin anasema ile mara ya kwanza mwili uliiona sumu ukaingiwa na hofu bure. Ukatengeneza kingamwili, ukazibandika kwenye seli zilizojaa kemikali kali, zikakaa kusubiri. Sumu iliporudi, seli zote zikapasuka kwa pamoja. Kumbe sumu yenyewe ni kidogo, fujo yote ni ya mwili wangu!

Akaongeza: "Mzee, mwili wako umeshika somo kwa siku moja. Wewe je?" Burulcha alicheka mpaka machozi.

Jumatatu, 29 Juni
Nipo nyumbani. Musakun amekuja na kijisanduku chenye matundu. Malkia! Kasema anao wanne wa ziada, ningeomba tu. Kampa Burulcha, ambaye sasa ndiye mwenye mizinga yetu. Wakanywa chai yangu. Fedheha gani hii!

Jumanne, 30 Juni
Nimesoma karatasi ya daktari mara mbili. Nyuki nimekatazwa. Nyigu hawakutajwa popote! Na nyigu hula nyuki. Nyuma ya ghala letu lipo kundi lao, kiota kikubwa kama tikiti, juu kabisa chini ya paa. Kikihamia karibu na mizinga ya Musakun, tuzo ni yetu.

Ngazi nimeshaazima. Kwa Musakun.