Gitaa la Kahawia la Mzee Besi

Sabuni alikuwa ametoka kung'olewa jino na alikuwa na hasira na ulimwengu mzima, lakini hasira hiyo haikumzuia kuiona riziki ilipojileta.

Riziki yenyewe ilikuwa imeinama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, imeshika kiuno, inahema. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia, begi la gitaa mgongoni, na mbele yake spika nyeusi iliyomfikia kifuani. Spika hiyo iliwahi kuwa na magurudumu manne. Sasa ilikuwa na moja, na hilo moja lilikwenda lilikotaka lenyewe. Gari la bendi lilikuwa kwa fundi, na wenzake walikuwa wameshaondoka. Ndivyo ilivyo katika bendi zote: mwimbaji anaondoka na koo lake, mpiga tarumbeta anaondoka na kijisanduku chake kwapani, na mpiga besi anabaki na mzigo wa mtu anayehama nyumba.

Kabla hatujaendelea, ni haki kueleza kwa nini watu walimwita Sabuni. Kila aliyepita mikononi mwake alitoka msafi, hasa mifukoni. Alishawauzia watu viwanja vya watu wengine, na aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele iliyobuniwa na rafiki yake mwenye upara. Hakumpiga mtu wala hakumtishia mtu. Watu walimpa wenyewe kwa hiari yao, na baadhi yao walimshukuru kabla ya kugundua.

Asubuhi ile, kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi na umejaa pamba, Sabuni alikuwa amelazimika kumsikiliza mtu bila kumkatiza. Daktari alizungumzia magitaa. Alikuwa akikusanya ya zamani na kuyatundika ukutani, ingawa hakujua kupiga hata moja.

"Hasa ya besi," alisema huku akivuta. "Ya zamani, yaliyopigwa kweli. Mtu akiniletea zuri, sibishani naye bei."

Mtu mwenye pesa asiyebishana bei ni kiumbe adimu, na Sabuni aliona si vizuri kumwacha apotee bure. Akarekebisha tai, akausogelea mlango wa nyuma wa hoteli.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzigo wote huu peke yako? Hivi hao wenzako hawakulelewa?"

"Walilelewa vizuri sana. Ndiyo maana wanawahi nyumbani."

"Niachie mimi. Mtu mzima habebi mzigo mbele yangu."

Mzee alivitazama viatu vya Sabuni vilivyochongoka, akaitazama suti yake iliyong'aa viwikoni, kisha akaiachia spika upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Watu walimwita Mzee Besi, alisema, na nyumbani hapakuwa mbali.

Njiani Sabuni aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na hilo gitaa mgongoni, mzee, ni la siku nyingi?"

"Hili? Hili ni la kazi tu, mbao za kubandika. Likiibiwa nitamwonea huruma mwizi." Mzee Besi akavuta mkanda wa begi. "Lile la kweli liko nyumbani. La kahawia."

Sabuni akasahau jino.

Nyumbani palikuwa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Spika ilipofika ghorofa ya pili Sabuni alikuwa ameshavua koti. Ya tatu alivua tai, na ya nne alivua matumaini ya kuishi. Mlango ulifunguliwa na mke wa mzee, mama mmoja mfupi mwenye sindano mdomoni. Alikuwa mshona mapazia, na cherehani yake ilikaa kwenye korido, mbele kabisa ya mlango wa chumba cha kulala, hata mumewe aliomba njia alipotaka kwenda kupumzika. Hakuitikia salamu ya mtu kabla ya kuikagua spika.

"Nani kaipandisha?"

"Huyu kijana, mama."

"Si wewe?"

"Mungu shahidi."

"Maana daktari wa mgongo alisema, na mimi nikasema, tena kwa sauti kubwa kuliko yake. Siku utakapoinyanyua spika hii kwa mikono yako, ndiyo siku ninapoiuza. Pamoja na gitaa. Pamoja na hiyo kofia. Utakaa hapa unikatie nyuzi za mapazia mpaka tuzikwe."

Mzee Besi aliinamisha kichwa. Alikuwa amepiga besi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ilionekana wazi kwamba nyuzi za mapazia zilimtisha kuliko kaburi.

"Tatizo ni mbebaji," alisema kwa unyonge. "Wabebaji wanataka ujira mkubwa kuliko ninaopata mimi."

"Mimi sitaki hata senti," akasema Sabuni. "Muziki ndio ujira wangu." Hakuwahi kusema maneno hayo maishani, na yalimtoka kwa shida kidogo.

Mzee Besi alimshika mkono kwa shukrani, na kwa heshima hiyo akamwonyesha kitu kwa mbali, juu ya bega la mkewe. Juu ya kabati la nguo lilikuwa limelala sanduku refu jeusi la gitaa, lenye vifungo viwili vya shaba. Mate yalimjaa Sabuni mdomoni, upande wenye jino na upande usio na jino.

"Halifunguliwi hivi hivi," mzee alinong'ona. "Linatoka siku ya shughuli inayolistahili."

"Na shughuli yenyewe ni lini?"

"Haiko mbali, mwanangu."

Kuliiba pale nyumbani hakukuwezekana. Mama hakuondoka kwenye cherehani ila kwenda kulala, na alilala chumba hicho hicho. Ilibidi sanduku litoke lenyewe, na litakapotoka, awepo mtu anayeaminika wa kulibeba. Sabuni akaamua kuwa mtu huyo.

Basi akabeba. Alibeba kwenye harusi, akabeba kwenye ufunguzi wa duka la vitanda, akabeba kwenye sherehe ya mkurugenzi aliyestaafu na ambaye wafanyakazi wake walicheza kwa furaha ya kutiliwa shaka. Bendi ile ilipiga mchana tu, kwa kuwa mpiga ngoma alianza kusinzia jua likizama. Kila Jumamosi Sabuni alipanda ngazi na kuuliza, "Leo ndiyo leo, mzee?"

"Leo? Kwa watu hawa? Mwanangu, hawa wanaongea huku tunapiga. La kahawia lingenuna."

Mwezi ukapita, na mwingine ukapita. Sabuni akajifunza kunyanyua kwa magoti badala ya kiuno. Akajifunza kukunja waya usijisokote, na kuiweka spika karibu na ukuta ili sauti ijae. Magurudumu matatu aliyapata mahali ambapo hatutauliza. Ulimi wake nao haukukaa bure: alimshawishi baba wa bibi harusi mmoja kwamba mpiga besi akipiga na njaa ndoa huanza kuyumba, na tangu hapo bendi ikawa inakula kabla ya wageni. Wajanja wenzake walipomwona akipita na spika mgongoni walidhani ni mbinu mpya, na wawili wakaanza kuulizia bei za spika.

Alasiri moja alisimama nyuma ya spika wakati mzee anapiga, na besi ikamwingia mbavuni, ikateremka magotini, na watu wote ukumbini wakaanza kutikisa vichwa bila kujua nani anawatikisa. Sabuni alifurahi. Tuseme wazi tu: alifurahi sana, akaona aibu, akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona.

Kisha siku ikafika. "Jumamosi ijayo," alisema Mzee Besi. "Harusi, tena ukumbi mpya, wa kifahari. Sanduku linatoka."

Sabuni alikwenda mbio kwa daktari wa meno, akamwambia ana kitu cha kumwonyesha. Kitu gani na cha nani, hakusema. Mjanja akimtaja mwenye mali, mnunuzi anamfuata mwenyewe, na mjanja anabaki anapiga miayo. Hilo ni somo la darasa la kwanza katika kazi yake.

Jumamosi, Mzee Besi alimkabidhi sanduku mlangoni kwa mikono miwili. "Tangulia nalo wewe. Mimi nakuja na dereva na vyombo vingine."

"Usivipinde!" mama alipaza sauti kutoka kwenye cherehani.

Lilikuwa neno la ajabu kuambiwa mtu aliyebeba gitaa, lakini Sabuni alikuwa na haraka. Alishuka ngazi na moyo ukamsuta kidogo ghorofa ya tatu, ukamsuta tena ya pili, na alipofika chini ulikuwa umenyamaza. Badala ya kwenda ukumbini akakata kona.

Daktari alimwacha mgonjwa kwenye kiti, mdomo wazi, akamwingiza Sabuni kwenye chumba cha nyuma ambacho wagonjwa hawakuruhusiwa. Wakaliweka sanduku mezani. Vifungo vikalia. Kifuniko kikafunguka.

Ndani mlikuwa na vyuma vya kutundikia mapazia. Vilikuwa vimefungwa vizuri kwa kipande cha shuka, pamoja na mfuko wa pete zake.

Sabuni alifunua shuka na kuangalia chini yake. Akapapasa pembeni. Akatikisa mfuko wa pete, kama vile gitaa lingeweza kuwa limejibanza humo.

"Sanduku hili nalijua," daktari akasema taratibu. Akanyoosha kidole ukutani. Katikati ya magitaa yote, chini ya taa yake ya pekee, lilining'inia gitaa la besi la kahawia. "Nililinunua kwa mzee mmoja miaka mingi iliyopita. Mke wake alihitaji upasuaji wa haraka. Gitaa aliniuzia bila kubishana, ila sanduku alikataa katakata. Alisema sanduku bado lina kazi."

"Kazi ipo," alisema Sabuni kwa sauti ndogo. "Ipo nyingi."

Alikwenda ukumbini kwa miguu, sanduku mkononi, akipanga hotuba. Ilikuwa hotuba nzito yenye maneno ya kumwaibisha mzee mbele ya watu. Nyuma ya ukumbi alikuta gari la bendi, dereva ameegemea boneti, spika aliyoipakia Sabuni jana yake bado iko ndani, Mzee Besi yuko kando, na mama amesimama na mapazia mapya begani.

"Umechelewa," mama akasema, akalichukua sanduku. "Mwenye ukumbi ananiuliza vyuma vyake tangu asubuhi."

"Mzee!" Sabuni akapaza sauti. "Umeniingiza mjini!"

"Mimi?" Mzee Besi alishangaa kwa dhati. "Nimekudanganya nini?"

"Ulisema gitaa la kahawia liko nyumbani!"

"Ah. Hilo, ndiyo."

"Miezi yote hii nimebeba bure!"

"Ningefanyaje, mwanangu? Mbebaji anadai ujira. Mwizi hadai. Tena mwizi anabeba kwa uangalifu, maana anadhani mali ni yake."

Dereva alicheka mpaka akajishika tumbo. "Mimi nilibeba miaka miwili," akasema. "Nilipogundua nikaondoka kwa hasira. Nikarudi kuchukua koti langu, wakanipa usukani, maana mgongo wangu nao ulishakataa kubeba."

Sabuni alitafuta hotuba yake kichwani na hakuiona. Akageuka kuondoka. Alikuwa mjanja wa mji mzima, amepigwa changa la macho na mpiga besi na mshona mapazia, na habari hii ikifika kwa wenzake angelazimika kuhama. Alikuwa ameshafika getini aliposikia kishindo kidogo, akatazama nyuma.

Mzee Besi alikuwa amepanda garini peke yake. Alikuwa ameinama, ameshika mishikio ya spika, anavuta pumzi. Mama alikuwa ameacha kuhesabu vyuma.

"Baba," alimwita mumewe kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makelele yote aliyowahi kupiga. "Usinilazimishe."

Mzee alikaza mikono kwenye mishikio. Sabuni alikuwa ameona machozi mengi ya biashara, mengi yakiwa yake mwenyewe, na aliuchunguza uso ule kama fundi. Hakukuta igizo lolote. Mzee alikuwa anaogopa, basi, na alikuwa anaenda kunyanyua hivyo hivyo kwa sababu watu ndani walikuwa wanasubiri muziki.

"Weka chini!" Sabuni akarudi kwa hatua kubwa. "Weka chini, nimesema! Kwanza unashika vibaya. Magoti, mzee, magoti! Nimekwambia mara ngapi?"

"Ahsante, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Na leo nakula kabla ya mwimbaji."

"Kabla ya bwana harusi, ukitaka."

Mama aligeuka upande wa ukuta na kujifuta macho kwa pazia la mteja. Sabuni aliitia spika mgongoni, akaanza kupanda ngazi za ukumbi huku akinung'unika. Katikati ya ngazi alikutana na mpiga ngoma, mzee mnene mwenye leso shingoni, anashuka kwenda kuchukua vyombo vyake. Mpiga ngoma alisimama. Akatazama juu, akatazama chini, akamsogelea sikioni.

"Kijana, nimekuangalia siku nyingi. Una mikono ya uangalifu." Akashusha sauti zaidi. "Mimi nyumbani nina ngoma moja. Ya ngozi. Ya zamani. Simwonyeshi mtu."

Sabuni akatulia, spika mgongoni, jasho likimchuruzika puani. Alijua. Alijua yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ngazi zake.

"Ya zamani kiasi gani?" akauliza.