Taa Inayomjua Mtendaji

Tangazo lilibandikwa mlangoni Jumatatu, likiwa na mihuri miwili: "Kwa ustawi wa utawala bora, ofisi ya kata imeingia rasmi katika Mfumo wa Taa Tambuzi. Taa ikiwaka, Mtendaji yupo. Isipowaka, hayupo. Asiyetambuliwa na taa hatahesabiwa kuwa ameingia kazini."

Mfumo aliufunga karani Luciana, na alijivunia kazi yake. Kompyuta ndogo, saizi ya kipande cha sabuni, ilikaa juu ya kabati ikiitafuta simu ya Mtendaji Urbano kwa bluetooth. Simu ikikaribia, inawasha taa ya mlangoni. Simu ikiondoka, inaizima.

Siku mbili za mwanzo wananchi walifurahi. Walichungulia kutoka barabarani, wakiona giza wanarudi kwenye alizeti zao. Mtendaji hakufurahi. Taa ilikuwa inazimika saa saba kati ya nane za kazi, jambo lililochafua taswira ya serikali. Jumatano akalitatua kitaalamu: aliacha simu kwenye droo, akaenda kijijini Mkiwa kuangalia kuku wake. Taa ikawaka kutwa.

Chini ya taa hiyo alikaa Bibi Severina na fomu ya mjukuu wake ya chuo cha uuguzi. Ilibaki sahihi ya Mtendaji tu, na mwisho wa kuiwasilisha chuoni ni Ijumaa. Alikaa Jumatano, akakaa Alhamisi. Luciana alikuwa ameagizwa aseme bosi ana kikao. Alisema hivyo, na roho ikamuuma.

Ijumaa saa sita simu ikaanza kuita ndani ya droo. Luciana akaipokea, akaweka spika.

"Urbano! Uko wapi?" Alikuwa Mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa Urbano.

Bibi Severina akawahi kujibu. "Mwanangu, Urbano hajaja. Simu yake ndiyo imekuja kazini."

Mkurugenzi akashusha sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Taa inawaka vizuri tu."

Baada ya saa moja Mkurugenzi alifika, akasaini fomu mwenyewe, akaondoka na ile simu kama kielelezo. Taa ikazimika. Bibi alikuwa ameshapanda bodaboda, fomu kaikumbatia.

Saa kumi kasoro Urbano, habari zikiwa zimemfikia, alifika mbio, jasho likimtoka. Luciana akasimama mlangoni kwa heshima zote.

"Samahani, bosi. Taa haijawaka."

"Luciana, si unaniona?"

"Mimi nakuona. Mfumo haujakuona." Akamfutia vumbi kwenye benchi la wananchi. "Karibu ukae. Mtendaji akija, taa itawaka."