Mwenye Zaburi wa Nsemulwa

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yakashika moto. Nawaandikia nyie ndugu zangu wa Tabora upesi, kabla treni haijawaletea habari hii ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua mimi ndiye katibu wa kanisa letu hapa Nsemulwa. (Napiga taipu kwa vidole viwili. Wenzangu wote wanatumia kimoja.) Miezi michache iliyopita Mchungaji Yona aliniita. Alitaka kijitabu cha mistari ya Biblia, cha kusomea wagonjwa na wafiwa.

"Lakini Festo," akasema, "tafsiri ile ina wenyewe. Waandikie wachapishaji kule Dar, uombe ruhusa kwanza."

"Sawa, Mchungaji."

Sikuandika. Ruhusa ya nini? Neno la Mungu hilo! Nani atanishtaki, Musa? Kila Mchungaji alipouliza nilijibu, "Inashughulikiwa." (Neno tamu sana. Halina mwenyewe wala tarehe.)

Siku ya kudurufu ikafika. Nikaona kijitabu hakina uzito. Nikafungua Biblia ukurasa wa mwanzo kabisa, ule ambao hakuna anayeusoma, nikakuta maneno makali: haki zote zimehifadhiwa, asinakili mtu bila idhini ya maandishi. Nikayapenda! Nikayapiga yote kwenye stensili, ile karatasi ya kudurufia. Palipokuwa na jina la wachapishaji nikaweka la kwangu, Festo Lusambo. Haki ya Mungu, nilidhani pale ni pa mpiga taipu.

Mchungaji alipoona mstari wa kwanza tu akafurahi. "Ah, wamejibu!"

Nikakohoa. Kukohoa si kusema uongo.

Basi leo ndiyo tumezindua. Kanisa limejaa hadi madirishani. Kwaya ya Katumba nayo imekuja, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Nimevaa suti yangu ya harusi (haifungi vifungo, lakini ni suti). Mke wangu Salome amekaa benchi la mbele, amejaa fahari.

Kumbe kuna mgeni. Afisa wa wachapishaji walewale! Ameshuka treni jana, amekuja kukagua mauzo ya Biblia huku kwetu. Mchungaji kamwalika bila kunidokeza, alitaka kunifurahisha.

"Tunawashukuru kwa ruhusa mliyotupa!" akamwambia mbele ya watu wote. "Katibu wetu ndiye aliyeihangaikia."

Makofi! Vigelegele! Nikainama kama waziri. Mgeni akavaa miwani, akafungua kijitabu, ukurasa uleule wa onyo. (Kumbe wapo watu ambao kazi yao ni kuusoma.) Akausoma. Akaurudia.

"Ruhusa ipi, Mchungaji?" akauliza taratibu. "Sisi hatujaona barua yoyote."

Kabla sijafumbua mdomo, akasimama Mama Nduwimana, kiongozi wa kwaya ya Katumba. Mama mpole kabisa. Wiki iliyopita tulimpa nakala moja aitazame. Akaja mbele na karatasi, kaishika kwa mikono miwili.

"Baba Mchungaji, mtusamehe. Tulisoma lile onyo tukaogopa. Tumeandika maombi." Akasoma kwa sauti: "Kwa Bwana Festo Lusambo, mwenye Zaburi. Tunaomba utukubalie kunakili ile ya ishirini na tatu, kwa mkono tu. Hatutaiuza."

Shingo zote zikanigeukia.

Mgeni akavua miwani. "Ndugu Festo, Daudi ana habari?"

Weee! Kanisa lililipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa kanisa alianguka na benchi lake. Mchungaji peke yake hakucheka.

"Barua hukuandika, Festo?"

"Sikuandika, Mchungaji."

"Miezi yote hii?"

"Yote." Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya soprano.

Alinitazama mpaka nikatamani anichape tu, yaishe. Aliniamini yule mzee. Hapo ndipo iliponiuma kweli.

Mgeni akachomoa karatasi na kalamu. "Andika sasa hivi, nitaibeba mwenyewe." Nikaandika palepale, nimesimama mbele ya watu mia na ushee, kwaya ikiimba pambio ili kunisubiri. Akaisoma, akanisahihisha tahajia (mbele ya watu!), akaikunja. Kisha akanieleza kwamba kijitabu kidogo cha kanisa hawakitozi chochote. Wanachotaka ni kuombwa, na tafsiri itajwe ni ya nani. Basi!

Akamgeukia Mama Nduwimana. "Mama, ya kusali nyumbani nakili tu. Huhitaji kumwomba mtu."

"Hata huyu?" akauliza, akininyooshea kidole.

"Hasa huyu."

Vijitabu vimefungiwa ofisini hadi jibu lije. Mchana kutwa nimekuwa nikikata ukurasa wa kwanza kwa wembe, kimoja kimoja, huku wapita njia wakichungulia dirishani: "Shikamoo, mwenye Zaburi!"

Tafadhali nyie msicheke. Salome ameanza tangu ibadani kucheka kwa niaba yenu wote, na mpaka nafunga barua hii hajafika hata nusu.